Kule

Barua imekaa jikoni siku ya tisa leo,
imekandamizwa na kikombe chenye pete za chai.
Mshahara: huu wangu, na robo yake juu.
Nyumba: ya manispaa, vyumba viwili,
kila dirisha vioo vitatu.
Nauli ya kwenda, watalipa wao.
Nauli ya kurudi, barua imenyamaza.

Bergen inanyesha kama jana, kama juzi.
Miaka kumi na tisa nimesimama kaunta hii hii,
namjua mgonjwa kwa kikohozi
kabla hajakunja mwavuli.
Nani atampa mzee Torleif vidonge vyake
na kumdanganya kwamba vya bluu ni vitamu?

Nimeupima mji huo kwa rula ya binti yangu.
Sentimita kumi na nne,
na barabara imejikunja kama utumbo,
inaingia bahari, inatoka, inaingia tena,
mpaka ramani yenyewe inachoka
na kuanza maandishi ya mchapaji.
Jina lake hatulitamki nyumbani. Tunasema Kule.

Nilimpigia mfamasia anayeuacha mlango.
Solfrid. Sauti kavu, kama mtu anayekula biskuti.
"Jua linaaga Novemba, tarehe ishirini na tatu,"
alisema, kama anayetaja basi la mwisho.
"Januari linarudi. Siku hiyo shule hafundishi mtu,
watoto wanapanda kilimani kulipokea,
wakishuka wanakula maandazi."
Dawa gani inakwisha upesi? nikauliza.
Nilidhani atasema za usingizi.
"Plasta," akasema. "Watoto wanateleza."
Na kwa nini unaondoka?
Kimya. Upepo ukapita ndani ya simu, ukatoka.
"Nani kakwambia naondoka? Nastaafu.
Nyumba ya kijani, mkabala na duka.
Nitakuwa dirishani, nakuhesabia wateja."

Kaka yangu Eilif ana swali moja tu:
unakimbia nini?
Nimelizungusha mdomoni wiki nzima
kama kidonge kikubwa pasipo maji.
Si talaka; hiyo imeshapoa, inalika.
Si deni. Si mvua, ingawa mvua ningeweza kuishtaki.
Labda ni ule mchana wa Jumanne
nilipojibu "asante, karibu tena"
na duka lilikuwa tupu.

Ylva ana miaka kumi na minne na hana huruma ya bure.
"Nenda, Baba. Ila usiniulize kama nitakuja."
Kisha, akiwa ameshika kitasa:
"Mbwa wanaruhusiwa, nyumba ya manispaa?"
Hatuna mbwa.

Jana, saa ya chakula, niliingia stoo,
nikafunga mlango, nikazima taa,
nikakaa juu ya katoni la bandeji
ili nionje giza lao kwanza,
kama mtu achovyaye kidole kwenye mchuzi.
Dakika ya kwanza ilikuwa kafuri na vumbi.
Ya tano, friji ya insulini ilianza kunguruma
taratibu, kama mnyama aliyeshiba.
Ya ishirini sikuihesabu.
Nilikuwa namkumbuka mama akisuka soksi gizani,
umeme umekatika, na vidole havijali.
Ragnvald akafungua akitafuta sharubati ya kikohozi.
"Umepotea?"
"Bado," nikamwambia, na hata sasa
sijui nilimaanisha nini.

Usiku nimeondoa kikombe.
Pete ya chai imeizunguka tarehe ya mwisho ya kujibu,
ambayo ni kesho.
Nimeandika mistari saba, nimefuta sita.
Sikuuliza nauli ya kurudi.
Sikuuliza baridi, wala daktari yuko wapi.
Umebaki mstari mmoja tu, kwa Solfrid,
nao hauwezi kuitwa ndiyo,
wala, nikiusoma tena, hauwezi kuitwa hapana:

Hayo maandazi ya jua,
mnayatia iliki?