Mkwaruzo wa Rigzin

Usisugue. Hilo ndilo somo la kwanza
alilonipa Rigzin, na la mwisho.
Nyumbani niliyasugua masufuria ya shaba kwa majivu
mpaka mama mkwe akayahesabu meno yake humo.
Huku kileleni Hanle, anayesugua hufukuzwa.

Vumbi letu ni jeupe, laini kama unga wa shayiri,
hupenya hata pale upepo uliposhindwa.
Tunaliacha. Mwezi, miezi miwili, tunaliacha,
maana vumbi huazima nuru,
mkono huiba.

Kisha, siku kavu, darubini inainamishwa.
Nafunga nywele, navua pete,
nafungulia mtungi:
theluji ya gesi inashuka ikinong'ona juu ya kioo,
inazoa chembe, inatoweka
bila kuacha hata tone la kujutia.

Karibu na ukingo upo mkwaruzo,
urefu wake ukucha.
Mwaka ule Rigzin aliangusha koleo,
akakaa siku tatu hagusi chakula.
Wataalamu wakapima, wakasema haidhuru,
nyota hazitaujua.
Yeye aliujua.

Siku hizi yuko kwake bondeni,
macho yote mawili yana mtoto wa jicho.
Jana nilimpelekea chai ya siagi. Akauliza:
"Bado upo?"
Nikamjibu, upo.
Akanyamaza, akanywa.

Jumatatu anapelekwa Leh, kwa daktari wa macho.
Nilipoinuka kuaga alinishika kiganja,
akakipapasa, kidole kwa kidole:
"Utakuja nami.
Umwambie yule daktari
asisugue."