Herufi Isiyotamkwa

Niliandika ubaoni neno la Kiingereza la kabati,
nikalikata katikati kwa chaki, kama muhogo:
huku kikombe, huku ubao.
Darasa la tano, shule ya msingi, Arua,
wakasoma kwa sauti moja, wakaitamka hata ile P.
"Hapana. P haitamkwi."
Akasimama Ezati, mtoto wa fundi seremala:
"Mwalimu, kama haisemi, inakaa humo kufanya nini?"

Nikamjibu kama nilivyojibiwa mimi:
kaa, andika.

Usiku nikafungua kamusi
(mchwa wameila kuanzia S, bahati yangu).
Kumbe zamani, huko kwao, halikuwa na mlango.
Ubao tu, na vikombe juu yake,
mgeni avione, ajue amefika kwa nani.
Baadaye mmoja akaongeza ubavu,
mwingine mlango,
wa tatu akaja na kufuli.
Vikombe vikahama. Jina halikuambiwa.

Waganda walilichukua kwa sikio, likawa kabada;
P hawakuisikia, hawakuibeba.

Kabati la mama lilishuka na lori kutoka kambini,
mwaka tuliorudi bila baba.
Ndani: kadi zetu za kliniki,
sukari ya kufichwa,
kitenge kisichowahi kushonwa,
na bahasha ya jeshi, kona zimelainika kama kitambaa.
Kikombe hata kimoja hakuna.
Vikombe vyetu vilikaa nje, juu ya chanja
aliyoifunga mama kwa miti na kamba za mpira,
vimeinama juani, saba,
cha bluu chenye pengo kilikuwa cha nani
hatukuuliza,
naye kila asubuhi alikiosha.

Apitaye njiani aliviona, akavihesabu,
akajua tuko wangapi.
Akakosea kwa mmoja.

Asubuhi nikampita Ezati mlangoni, nikarudi.
"Lile swali lako la jana."
Akakaza macho chini, akidhani ni fimbo.
"Inakaa humo ili mkono unaoandika ukumbuke."
"Ukumbuke nini, mwalimu?"
Kengele ililia. Wenzake walitupita wakikimbia.
"Vikombe," nikasema,
na sauti yangu ikaishia hapo.