Injini Ikipoa

Tulifika Makorora saa moja na robo asubuhi,
mimi, fundi Kihiyo, na bahasha yangu ya kaki,
na tulikuwa tumesema kwa simu, tukarudia:
usiliwashe, tutaliwasha wenyewe.

Subaru ya buluu, pua ya hewa juu ya boneti,
ekzosi pana kama kikombe cha uji.
Bwana Mbaruku anaifuta kwa kipande cha kanga,
anafuta pale palipokwisha kung'aa.

Kihiyo hakutazama rangi. Hakutazama rimu.
Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha,
kama anapima homa ya mtoto wa jirani.
"Huyu kaamshwa," akasema. "Tutamsubiri alale."

Basi tukakaa barazani.
Sikujua kuwa gari hukaguliwa hivyo,
kwa kukaa.
Saa nzima, na nusu yake,
chuma kikilia tik, tik, kikijikunyata,
na Mbaruku akisema mengi kuliko tuliyomuuliza:
la kazini tu hili, Pongwe na kurudi,
Jumapili Raskazone, watoto wakaogelee.
Tisini na nane elfu, jisomeeni.

Kihiyo alijisomea, ila alianzia chini.
Raba ya klachi imelika hadi chuma.
Usukani unateleza kama sabuni ya mwisho wa wiki.
Kwenye kichwa cha gia namba zote zimefutika,
imebaki alama ya kurudi nyuma.
"Pongwe yako," akasema, "ina kona nyingi."

Mbaruku akacheka kidogo. Akakohoa. Akatazama mlango.
"Namba nilizirudisha," akasema chini chini,
"lakini si kwa ajili yenu, wallahi.
Mke wangu karani wa bandari, hesabu haimpiti,
kila Ijumaa huchungulia dashibodi.
Na mimi usiku, akishalala, hulisukuma kwa bega,
siliwashi mpaka niupite msikiti.
Kange, Muheza, Segera. Nageuza, narudi.
Sina mtu huko. Sina hata biashara.
Ni ile tabo inapovuta pumzi pale Hale,
lami tupu,
mgongo umegandia kitini.
Basi. Ni hiyo tu."

Pazia likasogea. Bi Mwantumu akatoka na sinia la chai,
na kando ya mahamri, kalenda tatu za ukutani,
zimeviringishwa, zimefungwa kwa mpira.
Hakumtazama mumewe.
Alimpa Kihiyo, kama mtu anayekabidhi zamu.

Kwenye tarehe, hapa na pale, namba ya penseli:
usiku aliosikia matairi yakisaga kokoto,
saa ya kutoka, saa ya kurudi, petroli iliyopungua.
"Mia tatu na kumi na mbili elfu," akasema.
"Ongeza sabini. Juzi aliishia Muheza."

Mbaruku alikaa kama mtu aliyefunguliwa boneti.

Injini ilikuwa imepoa. Nikaiwasha mimi.
Moshi wa buluu, pumzi tatu, ukakatika.
Upande wa kushoto kitu kikagonga, tak, tak,
kikazidi, kikatulia, kikarudi kwa mbali.
Kihiyo alichomoa kijiti cha oili, akakisugua kwa vidole,
akavinusa, akavitazama juani kutafuta chembe za chuma.

"Ukitaka gari zima, twende zetu," akaniambia.
"Ukitaka hili, punguza milioni nne,
na ujue unanunua nini."

Nikazikunjua tena kalenda. Nimeona magari mengi
yenye vitabu vya huduma vyenye mihuri na sahihi.
Sijaona lililoandikiwa na mtu aliyekosa usingizi.

Nikahesabu noti. Bi Mwantumu akazihesabu upya,
mara mbili, akilowesha kidole.
Mbaruku akaomba jambo moja: alitoe yeye getini.

"Alitoe," akasema mkewe, macho bado kwenye pesa.
"Ila leo aliwashie hapa hapa,
mlangoni."