Kisanduku

Colfax, Februari. Ofisi ya hifadhi ya udongo
iko juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira
hupanda ngazi kabla yetu.
Lorraine Stuckey anastaafu Ijumaa. Ananirithisha
kikombe, funguo tatu, na programu
inayobashiri kilima kitapungua kiasi gani.

"Anza na mvua," anasema. "Kisha udongo. Mazao mwisho.
Ukivuruga mpangilio itakubali tu,
haina adabu ya kukataa."

Nafungua folda, napakua.
Kwetu kupakua ni mwiko kuzama chunguni
na kila sahani kungoja haki yake.
Hapa napakua inchi kumi na tisa,
mvua ya miaka thelathini iliyobanwa katika faili
jepesi kuliko picha ya paka.
Mstari wa kijani unatambaa: arobaini, themanini,
na wilaya nzima imeingia
bila kulowesha meza.

Orrin Tveit ameketi, kofia gotini,
matope ya buti yake yakikauka zuliani.
Shamba lake nimelijaza: mteremko asilimia ishirini na mbili,
futi mia tatu kwenda chini,
ngano ya baridi baada ya dengu.
Nabonyeza.
Tani mbili kwa ekari, kwa mwaka.

Anaitazama ile mbili
kama mtu aliyepewa koti la mwenziwe.
"Basi kauambie uzio wangu," anasema.
"Kule bondeni nimesimamisha nguzo juu ya nguzo, mara mbili,
na bado ndama wanauruka."
Kileleni baba yake alilima weusi;
yeye analima kipara cha njano,
na trekta likifika pale hubadili sauti.

Lorraine, anayefunga picha za wajukuu kwa magazeti,
hainui kichwa.
"Umetia tiki?"

Kisanduku. Chini, kushoto,
kidogo kama punje ya mchele.
Sikukiona.

Mvua ya hapa haina ngumi.
Hunyunyiza kama inayoomba radhi,
siku nne, siku tano, hata mbwa hawaikimbii.
Lakini vidole viwili chini ya tope
ardhi ingali barafu,
na maji yakibisha yasifunguliwe
hugeuka, yakaondoka na mlango.
Hesabu ya kwanza ilitungwa kule mvua inakopiga.
Hii ya kunyata
lazima uitambulishe.

Natia tiki.
Tani kumi na moja.

Hakuna anayepiga makofi.
"Kumi na moja," Orrin anasema polepole,
kama anayeitikia salamu ya mtu anayemdai.
Kisha anauliza bei ya mashine
inayopanda bila kulima,
na kama anaweza kulipa baada ya mavuno.

Saa kumi na mbili jioni nimebaki peke yangu.
Nateremsha orodha ya mikoa kwa kidole, bila sababu.
Kansas. Kentucky.
Kondoa haimo, na sikutegemea iwemo.
Korongo lililokula zizi la shangazi
halikuwahi kuwa na faili;
mvua yake hakuipima mtu
ila yeye Mwajabu, kwa sufuria aliyoiacha uani,
akiitazama asubuhi na kusema: leo imezidi.

Naongeza mstari mtupu. Jina: Kondoa.
Mvua:
Programu inaniandikia kwa wekundu
kwamba namba inahitajika.

Kule ni alfajiri, atakuwa ameshaamka.
Nampigia. Baada ya salamu ndefu,
za wazima na za wagonjwa na za mbuzi,
namuuliza ile sufuria ya uani,
masika ilikuwa ikijaa hadi wapi?

Anacheka mpaka anakohoa.
"Sufuria ipi, mwanangu?
Ile ilikwenda na zizi."