Tone Moja

Taa ya njano iliwaka wakifika Salgaa,
lori likalegea mlimani kama punda aliyegoma.
Wekhuyu akamgeukia utingo: "Umetia maji ya bomba!"
Akamshusha hapo hapo, na blanketi lake.

Mimi sikusema kitu.
Nilichota urea tangini, tone moja,
nikalidondosha kiooni,
nikainua kipimo kulielekea jua.
Mstari ukakaa: thelathini na mbili na nusu.

"Urea ni safi, mzee.
Shahidi wako ndiye mwongo."

Nikachomoa plagi ya sensa:
chumvi nyeupe imeota kati ya pini,
waya umeliwa, umebaki uzi.
Nikasugua. Nikaunga. Taa ikazimika.

Injini inanguruma, nguvu zote zimerudi,
na Wekhuyu hapandi.
Ameketi juu ya tairi kuukuu, simu sikioni,
anampigia Makokha mara ya sita:
mteja hapatikani.