Matundu ya Misumari

Katibu kaniagiza historia ya chama:
kurasa mbili, na picha za viongozi wenye tai,
iwe tayari kabla ya Mei Mosi.
Leo siku ya tatu nimo masijala, Mnazi Mmoja.
Feni inazunguka kama karani aliyebakiza mwaka astaafu.

Naanza na mlango.
Kibao chake kimebadilishwa jina mara nne.
Kila jina lilikuja na herufi zake kubwa,
na hotuba yake, na soda zake,
na kila fundi aligonga pembeni kidogo ya fundi aliyemtangulia.
Nimehesabu matundu ya misumari: kumi na sita.
Hiyo ndiyo historia fupi.

Ile ndefu imo kwenye daftari jekundu
lililotafunwa na mende:
michango ya mwezi, senti hamsini hamsini,
enzi chama hakina ofisi, kina baiskeli.
Mfaume Kilalile, mzoa taka, Ilala. Kalipa.
Asteria Mkude, dobi, Sewa Haji. Kalipa.
Shomari Nguzo, kibarua wa barabara, dole gumba. Kalipa.
Kisha ukurasa wa mwezi wa mgomo:
hakuna aliyelipa. Pembeni, kwa penseli,
"Watu hawana kitu. Wasidaiwe."
Sijui nani aliandika. Mwandiko umelalia kushoto.

Wanasimulia kwamba mapipa yalifurika hadi Uzunguni,
Bwana Afisa akafunga dirisha,
akafungua,
akafunga,
halafu akaita kikao.
Walipata shilingi saba na jozi ya buti.
Ijumaa Mfaume aliziacha buti mlangoni mwa msikiti,
akasali jicho moja nje.

Kisha bendera ikabadilika, na mwajiri akawa sisi.
Hapo daftari linakoma, inaanza taipu.
Mchango haukuombwa tena, ulikatwa;
mtu alikuwa mwanachama kabla hajaambiwa.
Mgomo ukawa neno la kunong'ona:
unamgomea nani, ndugu? Unajigomea?
Tulipewa kantini, gwaride, khanga,
na kimya kirefu chenye mihuri.
Sisemi yote yalikuwa mabaya.
Mama alipata likizo ya uzazi yenye mshahara,
na sababu ya likizo hiyo ndiyo inayoandika hapa.

Jalada la miaka ya tisini halifungiki.
Barua za kupunguzwa kazi, zote zinaanza "Nasikitika",
zote sahihi yake ni ya mpira.
Ya mama ni ya mia mbili na kumi na moja.
Nimeirudisha mahali pake.
Karani hatakiwi kuwa na mama.

Jana aliingia kijana wa maabara, Tumsifu,
wa mikataba ya miezi sita sita,
na hati ya mshahara mkononi:
"Hii asilimia mbili inakwendaga wapi?"
Nilikuwa na jibu la kikanuni, kifungu na kijifungu.
Nikamgeuzia daftari.
Akasoma taratibu, kidole juu ya majina,
kama anayetafuta mtu wa kwao.
Alipofika mwezi wa mgomo akanyamaza.
"Hawa walikula nini?"

Daftari halisemi.

Katibu, kurasa zako hizi hapa.
Picha za tai zimeingia ukungu, sikuweka.
Wa kwanza una majina.
Wa pili usishangae kuukuta mistari mitupu:
Tumsifu kauomba, anaupeleka zamu ya usiku.
Penseli nimempa ya kwangu.