Sare

Nashona sare za shule kumi na moja.
Nazijua kwa rangi kabla ya jina:
damu ya mzee yenye mistari ya kijivu, ada milioni mbili na nusu;
kijani cha chupa, milioni na laki nane, basi mbali;
bluu na nyeupe, bila ada,
foleni ya wazazi tangu alfajiri,
kila mmoja kashika cheti cha kuzaliwa cha mwanawe
kama tiketi ya mechi.

Bakilana amelichora daftari mstari katikati.
Kushoto Msongola: kiwanja, ishirini kwa ishirini,
milioni sita, kwa awamu,
na Mungu akipenda bati kabla ya masika.
Kulia Sinza: vyumba viwili, laki nne kwa mwezi,
miezi sita mkononi,
na mwezi mmoja wa dalali
ambaye hata ufunguo hajaushika.
Shule ya Sinza niliichungulia dirishani.
Dawati moja, watoto watatu.
Maktaba ina mlango, na mlango unafunguka.

Jumapili tulikwenda Msongola.
Dalali Mkude alitembea ndani ya nyumba isiyokuwapo:
"Hapa sebule. Hapa jiko. Hapa chumba cha mtoto,"
akipita milangoni tu,
hakukatiza ukuta hata mmoja.
Nikamuuliza shule iko wapi.
Akanyoosha kidole kule kwenye mihogo.
"Inakuja."
Umeme?
"Unakuja."
Maji?
"Yako njiani, mama."
Kila kitu Msongola kilikuwa kinakuja,
isipokuwa Nyamizi,
yeye kashafika miaka sita.

Iliyopo kwa sasa, mwendo wa dakika hamsini,
ina darasa la kwanza la watoto mia moja sitini na watatu.
Mwalimu aliniambia idadi hiyo
kama mtu anayetaja umri wake.

Usiku Bakilana anapiga hesabu kwa sauti.
Kodi, anasema, unalipa miaka kumi
na huachiwi hata msumari.
Kiwanja hakizeeki.
Nami nasema: mtoto anazeeka.
Darasa la kwanza halilipwi kwa awamu.
Anasema: mimi nilisomea sakafuni, na nipo.
Nasema: upo,
na barua za Kiingereza za benki nakusomea mimi.

Hapo nilivuka mpaka.
Alilifunga daftari taratibu,
kama anayefunika chakula cha mtu
ambaye huenda asirudi.

Asubuhi nikaenda na Nyamizi kununua vifungo.
Uchochoroni kwetu Tabata akasimama mbele ya ukuta,
kidole juu ya rangi nyekundu:
"Nyu-mba hi-i ha-i-u-zwi."
Sikuwahi kumfundisha.
Chekechea yake wanaimba tu na kulala.
"Mama, kwani nani aliiuliza?"
Soma mstari wa pili, nikamwambia.
"O-go-pa ma... ma..."
Akakwama. Nikamsubiri.
Bodaboda ikapiga honi, tukajibanza ukutani,
nikamsubiri tena.
Nikajiuliza, kati ya mia moja sitini na watatu,
nani atamsubiri kwenye neno refu?
Nikajiuliza pia, baada ya miezi sita,
tutalipa nini.

Jioni Bakilana alinisogezea daftari bila neno.
Chini kabisa, kushoto na kulia, ameandika: SARE.
Nikadhani ni mpira, kwamba tumetoka moja kwa moja.
"Za shule," akasema. "Elfu thelathini na tano. Tulisahau."
"Hizo si nashona mimi?"
Akacheka kwa pua, mara ya kwanza tangu Jumapili.
Akafuta kushoto. Akafuta kulia.
Bado tumetoka sare.

Mkude kapiga simu mara mbili.
Anasema Jumatatu bei inapanda.

Nimekata bluu.
Ni ile ile Sinza, ni ile ile Msongola.
Pindo nimeacha vidole vinne, la kuteremsha akirefuka.
Shati limekwisha, vifungo vimekaa,
na juu ya mfuko wa kifuani,
pale panaposhonwa nembo,
nimepiga pasi mara mbili
nikapaacha.